Fomu ya mali ya kiongozi: nani ana haki ya kuisoma?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, hapa Dar es Salaam. Kila Jumamosi sanduku linafunguliwa kwa funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu tofauti, tunahesabu mbele ya wanachama wote, na mwaka ukiisha tunagawana kila mtu akijua chake. Juzi tulimwalika kiongozi mmoja wa kitaifa kwenye sherehe yetu ya kuvunja mzunguko. Mwanachama mwenzetu akasimama, akamuuliza kwa adabu kabisa ana mali kiasi gani. Akajibu kwamba fomu ya maadili ameshajaza, na mambo hayo ni siri kati yake na serikali. Ukumbi ukanyamaza. Je, ni kweli ni siri? Na sisi wananchi sheria inaturuhusu kudai nini?

JIBU: Dada yangu, kwanza mpe pole na hongera huyo mwenzenu aliyesimama. Swali lake lilikuwa halali, na jibu alilopewa lina ukweli nusu. Kujaza fomu, ndiyo, kiongozi wa ngazi hiyo analazimika kujaza. Lakini sheria haisemi kwamba fomu ile ni siri kati yake na serikali. Inasema wananchi wanaweza kuiona, kisha inaweka masharti mazito kiasi kwamba ni wachache sana waliowahi kufika hadi kwenye karatasi yenyewe.

Tuanze na msingi. Katiba yetu, Ibara ya 132, inaunda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma na kuipa mamlaka ya kuchunguza tabia na mwenendo wa kiongozi yeyote wa umma. Chini yake ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinamtaka kiongozi apeleke kwa Kamishna wa Maadili, mkuu wa Sekretarieti hiyo, tamko la maandishi la mali na madeni yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wao wadogo ambao hawajaoa au kuolewa. Analipeleka katika nyakati tatu: ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani. Orodha ya wanaohusika inaanza na Rais mwenyewe, inashuka kwa Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Jaji Mkuu, mawaziri, wabunge, hadi madiwani. Hakuna mkubwa aliyeachwa. (Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, ipo sheria yao ya mwaka 2015 na tume yao.)

Sasa kuhusu kuiona. Matamko yote yanaingizwa kwenye rejista, na sheria inasema rejista hiyo ni ya kukaguliwa na wananchi. Ila ili uikague, uwe kwanza umepeleka malalamiko dhidi ya kiongozi husika, na Kamishna aridhike kwamba malalamiko yako ni ya kweli, yana uhusiano na jambo lenyewe, na umeyaleta kwa nia njema. Kanuni za mwaka 1996 ziliweka na ada ya shilingi 1,000. Ada si tatizo. Haizidi nauli ya daladala kwenda na kurudi. Tatizo ni mpangilio. Ili uione fomu, lazima umtuhumu mtu. Ili umtuhumu kwa nia njema, unahitaji kitu cha kushika mkononi. Na hicho cha kushika mkononi kimo ndani ya fomu. Mwananchi anazunguka hapo mpaka anachoka, na aliyeuliza kwa heshima kama mwenzenu hana hata pa kuingilia, maana yeye hakumtuhumu mtu. Aliuliza tu.

Naomba nikueleze fomu yenyewe ilivyo, kwa sababu watu wengi wanaizungumzia bila kuiona. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kwa miaka mingi kila ikikaribia tarehe 31 Desemba napata wageni. Siku moja alikuja ofisini kwangu Kariakoo kiongozi mmoja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi: hati ya nyumba iliyokunjwa mara nne, kadi mbili za gari, kitabu cha benki, na risiti ya tofali ambayo wino umeshafifia. Tukakaa. Fedha zilizoko benki. Hisa. Nyumba na viwanja. Mashamba. Magari. Mifugo. Mashine. Madeni. Alipofika kwenye nyumba akanyanyua kalamu: "Thamani niandike niliyojengea au ya leo?" Alipofika kwenye shamba la Mkuranga: "Hili liko kwa jina la kaka yangu, ila nililinunua mimi. Niliweke?" Nikamwambia aliweke. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaliandika.

Nasimulia hili kwa sababu hayo maswali mawili ndiyo yanayobeba suala zima. Nyumba iliyojengwa kwa milioni 60 miaka kumi na mitano iliyopita inaweza kuuzwa leo mara tano ya hapo bila mtu kuiba hata senti. Kama kiongozi mmoja anaandika bei ya zamani na mwingine bei ya leo, ukiwalinganisha utamwonea mmoja na kumsifu mwingine bure. Na shamba la kaka ni kichaka kinene zaidi. Sheria imemtaja mke au mume na watoto wadogo. Kijana wa miaka 24 mwenye kituo cha mafuta hayumo. Kaka hayumo, mama mzazi hayumo, rafiki wa tangu jeshini hayumo. Anayetaka kuficha hahitaji kwenda mbali; ukoo wetu ni mpana na jina la ndugu liko karibu kuliko benki ya ng'ambo.

Wewe unatunza daftari, kwa hiyo hesabu hii utaielewa haraka kuliko mawakili. Tuseme kiongozi anaingia madarakani akiwa na mali ya milioni 80 ukishatoa madeni. Kwa miaka mitano anapokea, mshahara na posho baada ya makato, milioni 12 kwa mwezi. Hizo ni milioni 720. Anatumia nusu kwa maisha, ada na misiba. Anabaki na milioni 360. Kwa hiyo siku anatoka tunategemea kumkuta na kama milioni 440. Akikutwa na bilioni 1 na milioni 300, kuna milioni 860 za kuelezwa. Pengine zina maelezo mazuri kabisa: amerithi, shamba la korosho limezaa, kiwanja kimepanda bei. Lakini maelezo lazima yatolewe. Huko kwenu mnaliita salio la mwanzo na salio la mwisho. Bila salio la mwanzo hakuna mkaguzi duniani atakayekuambia kama sanduku limeguswa. Ndiyo maana lile tamko la siku 30 za mwanzo naliona kuwa muhimu kuliko yote, na ndilo ambalo wananchi hawalioni kamwe.

Upande wa mapato nao tunajua kidogo mno. Katiba, Ibara ya 43, inasema Rais atalipwa mshahara na malipo mengine kama Bunge litakavyoamua, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inausamehe kodi mshahara wake. Yote hayo ni halali. Ila kiasi chenyewe, Watanzania wengi walikisikia mwaka 2017, Rais John Magufuli alipotamka mbele ya mkutano wa viongozi wa serikali za mitaa, hapahapa Dar es Salaam, kwamba analipwa shilingi milioni 9 kwa mwezi. Kabla ya hapo ilikuwa ni minong'ono na tarakimu za vijiweni. Mshahara unaolipwa kutoka Hazina haupaswi kuwa habari ya kushtukiza.

Kuna historia hapa ambayo vijana wa kikundi chenu huenda hawaijui, na inabadilisha namna ya kuliona suala hili. Azimio la Arusha la 1967 halikuwa na shida ya fomu, kwa sababu lilikataza. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na neno "kiongozi" lilimjumuisha yeye na mkewe, au yeye na mumewe. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar na kulegeza masharti hayo. Ilikuwa enzi ya Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, na ruksa ikawafikia viongozi: miliki hisa, pangisha nyumba, fanya biashara. Miaka minne baadaye ikaja sheria ya matamko. Ukizisoma hatua hizi mbili kwa pamoja unaona makubaliano: tumekuruhusu kumiliki, na wewe utuambie unachomiliki. Viongozi wameipata sehemu yao ya makubaliano yote. Sisi ya kwetu imeishia kwenye kabati la Kamishna. Hilo linaniuma, na sioni kwa nini nilifiche.

Wapo waliojaribu kufanya zaidi ya sheria inavyodai. Rais Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995, akiwa na kaulimbiu yake ya ukweli na uwazi, alitangaza mali zake hadharani. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini lilikuwa hiari yake, na hiari haimfungi anayefuata. Wamarekani wamelipata somo hilo kwa gharama. Tangu enzi za Richard Nixon marais wao walikuwa na desturi ya kuonyesha hadharani nyaraka zao za kodi. Hapakuwa na sheria iliyowalazimisha. Mwaka 2016 akaja Donald Trump, akakataa, na ilichukua miaka ya kesi hadi kamati ya bunge lao ilipozitoa Desemba 2022. Kinachowaokoa kidogo ni sheria yao ya 1978, iliyotungwa baada ya kashfa ya Watergate, ambayo inamlazimisha Rais na wakubwa wengine kujaza tamko la mali ambalo mwananchi analisoma bila kumlalamikia mtu kwanza. Kilichoandikwa kwenye sheria kimebaki. Kilichokuwa desturi kimemshinda mtu mmoja kukiheshimu, kikavunjika.

Hapa kwetu tumeona pia kwamba msukumo ukitoka juu, fomu zinajazwa. Februari 2016 mawaziri ambao hawakuwa wamerejesha matamko yao walipewa hadi saa 12 jioni ya siku hiyohiyo, la sivyo wajihesabu hawana kazi. Zikarudi. Lakini kurudisha fomu kwa wakati ni jambo moja, na fomu hiyo kusomwa na mtu anayeijua nyumba ya kiongozi ni jambo jingine. Sekretarieti inafanya uhakiki, na wapo maofisa wake waaminifu wanaosafiri hadi vijijini kupima mashamba. Lakini viongozi ni maelfu. Jirani anayepita kila siku mbele ya ghorofa linalopanda anajua kuliko ofisa yeyote, ila jirani huyo hajui kama ghorofa lile limeandikwa kwenye fomu.

Chukua sakata la Tegeta Escrow. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, na baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya viongozi waliingiziwa fedha na mfanyabiashara aliyefaidika. Aliyekuwa waziri wa ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, alipokea shilingi bilioni 1.6, alieleza kwamba ulikuwa mchango wa shule, na Desemba 2014 akaondolewa uwaziri. Mheshimiwa Andrew Chenge naye alipokea kiasi kama hicho. Februari 2015 Baraza la Maadili, likiongozwa na jaji mstaafu, likakaa ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, na kuwaita viongozi mmoja mmoja, waandishi na wananchi wakisikiliza. Nilihudhuria siku moja. Watu walikaa kimya kama msikitini, wanasikiliza tarehe za kuingia fedha na namba za hundi zikisomwa. Jambo hilo liliibuliwa na ukaguzi wa CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), uchunguzi wa TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Matamko ya mali yaliingia baadaye, kama kielelezo. Chombo kilichotungwa kiwe kengele ya kwanza kikawa cha mwisho kulia.

Nazijua hoja za upande wa pili na siyapuuzi maisha yanayozibeba. Kiongozi anasema: nikitangaza akaunti yangu, wezi watanijia usiku, nikitaja ng'ombe wangu, ukoo mzima utahamia kwangu. Na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, akiwemo yeye. Ni kweli. Lakini Ibara ya 18 inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa jamii, na hizo mbili zinaweza kukaa nyumba moja. Afrika Kusini wabunge wao wana rejista ya maslahi ambayo sehemu moja iko wazi kwa umma na nyingine inafungwa. Sisi hatuhitaji namba ya akaunti, wala namba ya gari, wala mtaa na kitalu. Tunahitaji aina ya mali, thamani yake, mwaka ilipopatikana, na fedha ilitoka wapi. Mwizi hafaidiki na hayo. Mpiga kura anafaidika.

Ukiniuliza ningebadilisha nini kwanza, ningeanza na sharti la malalamiko: lifutwe, muhtasari wa matamko ya viongozi wa kitaifa utolewe kila mwaka, wa kuingia na wa kutoka uwekwe sambamba. Pili, mali anayoifaidi kiongozi iliyo kwa jina la mwingine itamkwe waziwazi kuwa ni ya kutangazwa. Sheria zetu za kampuni tayari zimeanza kuuliza ni nani hasa anayefaidika na kampuni, tangu mabadiliko ya mwaka 2020, ingawa orodha hiyo haijafunguliwa kwa kila mtu. Na la tatu ni gumu zaidi kisiasa: Kamishna anateuliwa na Rais, na Rais ni mmoja wa wanaompelekea matamko. Hata akiwa mtu mwadilifu kiasi gani, hapo pana kazi ya kurekebisha, na ni ya Katiba. Rasimu ya Katiba mpya ya Jaji Warioba ilijaribu kuyapa maadili ya viongozi uzito huo, mchakato ukakwama mwaka 2015 kura ya maoni ilipoahirishwa.

Lakini hamuwezi kusubiri hayo, na kuna mnachoweza kufanya sasa. Kwanza, mwandikieni kiongozi huyo barua, kwa jina la kikundi. Msimtuhumu. Mwambieni kwamba fomu ni yake, na mimi sijaona kifungu kinachomkataza kuonyesha nakala yake mwenyewe akipenda. Wapo wanasiasa nchini waliokwisha kuweka zao hadharani, Zitto Kabwe akiwa mmoja wao. Mwombeni tarakimu mbili tu: jumla ya mali ukitoa madeni siku alipoingia, na jumla hiyo hiyo Desemba iliyopita. Kiongozi anayejiamini ataziandika kwenye nusu ukurasa.

Pili, kama mna jambo mahususi mnalolijua kwa macho yenu, si la kusikia, lipelekeni Sekretarieti kwa maandishi. Makao makuu yako Dodoma, lakini ina ofisi za kanda. Andikeni mlichokiona, lini, wapi. Msiongeze chumvi, kwa sababu anayetoa madai ya uongo huku akijua ni ya uongo anajiingiza yeye kwenye matatizo. Mkiona mali imezidi kipato waziwazi, TAKUKURU nao wana kifungu cha 27 cha sheria yao ya 2007, kinachomtaka mtumishi wa umma aeleze alivyoipata mali isiyolingana na kipato chake.

Tatu, msisahau fedha ambazo si zake binafsi bali zinapita mikononi mwa viongozi. Kila jimbo lina Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, kwa sheria ya 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Hapo hakuna faragha ya mtu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba halmashauri ikupe mapato na matumizi ya mfuko huo, na ofisa anatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ripoti za CAG zinatolewa kila mwaka zikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Usajili wa kampuni unaweza kuupekua BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kwa ada, ukaona wakurugenzi na wanahisa ni akina nani. Hizo ni njia ambazo hazihitaji kumlalamikia mtu kwanza.

Barua ikishaandikwa, isainiwe na wale watatu wenye funguo. Toeni nakala mbili, moja mwachieni, nyingine igongwe muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe, muirudishe na kuiweka kwenye sanduku, pamoja na daftari. Siku 30 zikipita bila jibu, niandikie tena, nitawasaidia kuandaa ya pili.